Buibui wa Mlango wa Stoo

Mdogo wangu mpenzi,

Sijambo, cherehani tu ndiyo inakohoa. Uliniomba nikuangalizie yule buibui wako wa mlango wa stoo, basi tangu uondoke sijaupita mlango ule, nisimbomolee nyumba. Fundi kweli yule! Mimi nashona kwa futi na chaki na bado nakosea. Yeye anapima kwa miguu yake tu.

Leo asubuhi nimekuta utando umechanika katikati, kimo cha mtu. Nikajiambia ni upepo. Lakini ufunguo wa stoo tunao wawili tu, mimi na shemeji yako, na tangu nimfukuze kwa sababu ya ngumi zake hajaurudisha. Kwa hiyo kutwa nzima nimeshona nikiwa nimeuelekea ule mlango.

Buibui wako hana habari. Hapa ninapokuandikia ameshafuma upya, mlango mzima, hakuna hata uzi uliokatika.

Mdogo wangu, nimeyasoma tena hayo niliyoandika. Stoo ile haina dirisha wala mlango mwingine. Aliyeingia hajatoka.

Redio naiacha ikiimba, adhani bado nashona. Viatu nimevua. Barua natoka nayo.

Dada yako