Kivuli Nyuma ya Tangi Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kiwandani na skana. Miaka miwili imepita tangu nipime mara ya kwanza. Chapuchapu — meneja wetu, jina amelipata kwa mdomo wake mwenyewe — anataka tupime upya kila kona kabla ya ukaguzi wa mwezi ujao. Kiwanda na modeli ya kwenye kompyuta vifanane, anasema. Sawa. Nikasimamisha miguu mitatu, nikapanga mipira myeupe ya kulengea, nikabonyeza. Mashine ikaanza kuzunguka polepole, ikirusha leza kila upande. Mafundi wanapita mbele yake makusudi. Kinara wao shemeji! Kajipanga na grinda begani kama mwanajeshi. Shemeji, nitoke mrembo, anasema. Nikamwambia mashine inapima tu, haifanyi miujiza.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Kazi yake kukata na kuchomelea mabomba. Jumamosi hii anakata bomba la maji nyuma ya tangi namba nne, liwekwe jipya. Ile X nyekundu ya kukatia niliipiga mimi wiki iliyopita, kwa vipimo vya modeli.

Leo nimeanzia ofisi za mbele. Sijui kwa nini naliogopa lile tangi. Uongo, najua. Nitaandika kesho.

Jumanne, 4 Machi

Haya, niandike. Hakuna anayesoma humu.

Leza haioni nyuma ya kitu. Ikigonga tangi, nyuma yake kinabaki kivuli, weusi mtupu kwenye picha. Kazi yetu ni kuhamisha mashine, kuzunguka, mpaka kivuli kiishe. Ikishindikana, sehemu ile tunaipaka nyekundu kwenye modeli: haijapimwa, msiiamini. Kijani maana yake imepimwa. Ndilo somo la kwanza nililofundishwa.

Mwaka juzi nyuma ya tangi namba nne kulikuwa na jukwaa la wapaka rangi. Mashine haikupita. Chapuchapu akanipigia simu mara tano asubuhi moja. Nikaangalia picha: mabomba mawili yanaingia nyuma ya tangi, mawili yanatoka. Yakiingia, la juu ni la maji, la chini kostiki. Nikajiambia, bomba litakwenda wapi? Nikayaunganisha moja kwa moja, juu kwa juu, chini kwa chini. Nikapaka kijani.

Kijani!

Kostiki ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na bombani hupita ikiwa ya moto. Ikimrukia mtu inamla ngozi, ikiingia machoni basi tena. Na kwa kuangalia huwezi kuyatofautisha yale mabomba. Yote yalipakwa kijivu kipindi kile, kisa mkubwa fulani alikuwa anakuja kutembea na kupigwa picha.

Labda yamenyooka. Mungu wangu, yawe yamenyooka.

Jumatano, 5 Machi

Yanapishana.

Jukwaa halipo tena, nafasi tele. Saa saba mchana picha ikajaa kwenye kompyuta, nukta kwa nukta. Nyuma kabisa ya tangi, pale penye kivuli changu, la juu linashuka na la chini linapanda. Yanabadilishana. Yakitokea upande wa pili, la juu ndilo la kostiki.

X yangu iko upande huo wa kutokea, kwenye la juu.

Nimekaa chooni robo saa, mlango nimeukomea.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeongeza ujinga juu ya ujinga. Nimesahihisha modeli kimyakimya. Dakika arobaini tu. Nikapaka kijani, safari hii cha halali, nikahifadhi juu ya ile ya zamani. Hakuna atakayejua. Nikapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Halafu nikaingia chumba cha mafundi kutafuta chai. Ukutani wamebandika michoro ya kazi ya Jumamosi. Imepigwa mhuri, ina sahihi ya Chapuchapu. Ilitolewa wiki iliyopita, kutoka modeli ya zamani! Chai imenimwagikia mguuni, sikusikia hata kama ni ya moto.

Nikakimbia nyuma ya tangi niifute ile X hata kwa kucha. Nimekuta mnyororo. Mtu wa usalama kasema eneo limefungwa mpaka Jumamosi, hata yeye haingii. Nikamwambia nimesahau kipimo kimoja. Dada, kipimo hakikimbii, kasema.

Nimekalia kuti kavu. Nikisema, kazi imeota mbawa, na hakuna kiwanda kitakachoniamini tena na skana. Nisiposema — sitaki kuimalizia hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Chapuchapu. Nikamwambia tangi namba nne kuna tatizo, mabomba yanapishana. Akafungua modeli. Akakuza, akageuza. Akaniuliza: si yameonyeshwa hapa yanapishana? Tatizo liko wapi? Na akanisifu! Kazi safi, kasema.

Nikasema michoro ukutani ni ya zamani. Kasema michoro inatoka kwenye modeli, modeli iko sawa, basi na michoro iko sawa, chapuchapu, nina kikao. Ilibaki sentensi moja tu: nimeibadilisha jana. Badala yake nikasema asante, nikatoka. Asante! Mtu mzima mimi.

Saa kumi jioni wamefunga maji, valvu wameitia kufuli. Kostiki haifungwi. Inalisha sufuria za kupikia sabuni za upande wa pili, na huko kazi haisimami.

Nikapitia kwa mdogo wangu. Nimemkuta shemeji kakaa sakafuni anamsuka binti yake, mistari imepinda yote. Hata leza yako hainyooshi hii, kaniambia. Mtoto anacheka huku analalamika kuvutwa. Nikamwita shemeji pembeni: kesho usikate. Akadhani utani. "Shemeji, nikate wapi kama si kwenye alama yako? Wewe ndiye macho yangu." Akarudi kwenye nywele.

Mdogo wangu kauliza mbona nimepauka. Nikasema tumbo. Mficha uchi hazai, mama alikuwa akituambia, nami nimemficha mtoto wa mama yangu mwenyewe. Naogopa shemeji kuumia, naogopa kufukuzwa. Leo kuna wakati sikujua ninaogopa lipi zaidi. Naona haya hata kuliandika.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Nimekaa chini, nyuma ya tangi namba nne. Mabomba yanapita chini huku, la juu liko usawa wa mabega yangu. Mgongo wangu umeziba alama.

Mnyororo ulipofunguliwa niliingia na mafundi, nikawapita, nikakaa. Nikasema yote. Nikapiga kelele kabisa: sikupima! Nilidanganya! Hili si la maji! Msimamizi kanionyesha karatasi, inasema maji. Nikasema karatasi hiyo inatokana na uongo wangu. Kanionyesha ufunguo wa kufuli, maji yamefungwa tangu jana. Ndiyo, nikasema, maji yamefungwa. Akashika kichwa. Fundi mmoja kasema nimechanganyikiwa, wanipe maji ya kunywa. Wamemwita Chapuchapu.

Naandika tukimsubiri.

Shemeji hajacheka. Kachuchumaa mbele yangu, grinda mapajani. Halafu kauliza kwa sauti ya chini: "Umejua tangu lini?"

Jumatano, nikamwambia.

Akahesabu kwa macho. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jana nimekaa kwake, nimemtazama anamsuka mtoto.

Chapuchapu ameingia, namsikia tangu mlangoni. Nani kasimamisha kazi? Modeli ameiona kwa macho yake, iko sawa, michoro ina sahihi yake. Mtoeni huyo, kata, tunachelewa! Msimamizi amenishika mkono. Siinuki.

Huku nyuma jua halifiki. Sakafu ya baridi, koti langu jepesi. Bomba la maji limefungwa tangu jana saa kumi. Na mgongo wangu una joto.

Nimemwambia shemeji avue glovu, aguse bomba.