Vumbi la Mbarika Lililombana Mama

Nyumba ya chini ya kilima cha kisimani,
S.L.P. 318,
9 Agosti.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi na wale mapacha? Na goti lako linasemaje na ngazi za ghorofa ya tano? Sisi tu wazima, na safari hii sisemi kwa mazoea.

Mama amepona! Tulia nikusimulie.

Nilikuandikia kwamba kifua kinambana. Sote tulisingizia umri. Macho mekundu, pua inachuruzika, hata kuita kuku akashindwa. Mwezi wa sita nikampeleka kwa mama mdogo apumzike. Siku nne tu akawa mzima, akaanza kumkosoa mwenyeji wake namna ya kukunja shuka! Tukamrudisha kwa furaha.

Jumatatu iliyofuata nikatoka kazini, akapokea nguo zangu, akazikung'uta kabla ya kuziloweka, kama kawaida yake. Jua halijazama, pumzi ikamkatika. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, Kaka, mimi huyu mwembamba.

Muuguzi akampa dawa ya kuvuta, akatulia. Kisha akanigeukia mimi.

"Unafanya kazi gani?"

"Napepeta mbegu za mbarika, kule wanakokamua mafuta ya nyonyo."

"Na nguo zako anafua nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwamba mbegu zile ni sumu ukizitafuna, nilijua. Ndiyo maana ghalani hatutii kitu mdomoni. Lakini vumbi? Sikujua kuwa kuna watu linawafunga kifua, wala kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimletea Mama kila jioni, mikunjoni mwa kanga.

Asubuhi nikamweleza msimamizi. Akacheka: "Vumbi la mbegu limemfanya nini nani?"

Wanawake tisa tukaweka nyungo chini. Yule mwenzetu tunayemwita Bibi Chafya akamwambia, "Karibu, bosi, pepeta mwenyewe."

Hakumaliza debe moja. Alitoka akipapasa ukuta, macho yamevimba kama ya chura, chafya zinafuatana kama risasi. Naungama, tulicheka hadi tukashikana mbavu. Ila alikuwa muungwana: alipopata nafuu alituomba radhi mbele ya wote. Sasa tuna barakoa na glavu, mashudu yanayobaki baada ya kukamua yananyunyiziwa maji kabla ya kuzolewa, na nguo za kazi zinabaki na kufuliwa hukohuko. Naoga ndipo nirudi nyumbani. Mama analalamika kwamba nimemnyang'anya kazi ya kufua!

Baba anakusalimu sana. Ameanza kuvaa miwani na sasa anatukosoa kwa kila kitu. Mama mdogo naye anakusalimu, ila shuka zake bado hazijakunjwa vizuri.

Mungu akulinde huko uliko, akuzidishie riziki na usingizi mwema. Naiacha kalamu hapa nikapumzike, maana jana nilipanda na Mama kile kilima cha kisimani na miguu bado inaniuma. Hakusimama hata mara moja. Nilipofika juu nikihema, nilimkuta amekaa juu ya ndoo yake, anaimba.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku