Nilichoiambia Kamati

Wodi ya Wanawake,
Jumanne mchana

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kitindamimba wenu kimepoa. Habari zenu nazipata kwa mama mdogo, ambaye hunipa nusu na kuninyima nusu, kisha ananiambia nikitaka zaidi niwaulize wenyewe. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafika kazini kwa wakati. Mengine utayaona huko chini.

Najua hutaki kunisikia, na barua zangu mbili za mwanzo zilirudi bila kufunguliwa. Hii nimempa mama mdogo akupe mkononi, na ameahidi hatatoka kwako mpaka uifungue. Unamjua akikaa. Yeye mwenyewe hajui kilichomo.

Habari kubwa ya huku ni kwamba jengo la kusafishia damu limekamilika. Serikali ilipofunga mradi wenu wa anga, sehemu ya fedha ilikuja kwetu kweli, jambo ambalo hata mimi sikulitegemea. Zimeletwa mashine nne, na tumeshaanza kuzitumia, maana figo za watu hazingoji utepe ukatwe. Muuza mkaa mmoja aliyeletwa kwa machela sasa anakuja kwa miguu yake, na hunitania kwamba mashine inamjua kuliko mumewe. Ijumaa waziri atakuja kufungua. Juu ya mlango wamebandika kibao cha shaba chenye jina la mama yetu, majina yote matatu, bila kosa hata la herufi. Mganga mkuu ameniomba nikate utepe na niyarudie maneno niliyoyasema mbele ya kamati.

Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Ubishi wetu ulikuwa wa miaka, wala sioni aibu nao. Ulikuwa ukitandaza karatasi zako juu ya meza ya mama ya kupigia pasi, ukatueleza jinsi picha za kutoka juu zitakavyoonyesha mto unajaa siku mbili kabla maji hayajafika kwa watu. Mimi nikakujibu kwamba wodini tuna kipimajoto kimoja kwa wagonjwa thelathini, na serikali iliyoshindwa kununua cha pili haina haki ya kununua chombo cha angani. Mama akatufukuza wote mezani, akasema nguo za wateja haziwezi kungoja sisi tumalize kuiongoza nchi. Chombo chenu alikiita kopo. Kila aliyeleta nguo, mama alimwambia kwamba mwanawe anarusha kopo juu wakati bomba la mtaani halitoi maji, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini ole wake mteja aliyecheka kupita kiasi. Shati lake lilichelewa wiki nzima.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikaa kooni miaka miwili.

Ulipokwenda ng'ambo kukisindikiza chombo kikarushwe, mama alikuwa na kidonda mguuni. Kaa la pasi lilikuwa limemdondokea, na sukari yake unaijua. Kilikuwa kidogo kama kifungo. Nikamwambia twende hospitali, akakataa. Alisema akilazwa nitakupigia simu, nikikupigia utaacha kila kitu upande ndege, na kazi yako ya miaka tisa itamaliziwa na watu wengine. Akaniapisha nifunge mdomo. Zilikuwa zimebaki siku sita tu, alisema, zikipita ataenda mwenyewe.

Nikakubali. Muuguzi wa miaka kumi na miwili, nikakubali. Nilimsafisha kidonda kila asubuhi kabla ya zamu, kwa dawa nilizochukua wodini. Siku ya sita ukapiga simu kwamba upepo ni mkali, safari imesogezwa wiki. Baadaye bomba la mafuta likavuja, wiki mbili tena. Halafu mzigo wa nchi nyingine ukatangulizwa. Kila mara mama alichukua simu, akakutania kwamba kopo limeogopa kupanda, akakata, akatafuta pa kukaa. Mguu ulikuwa umeshabadilika rangi. Niliuona. Ile harufu naijua ni ya nini. Nikajitia hamnazo kwa sababu nilikuwa nimeapa, na kwa sababu, kaka, nilitaka siku moja ujue kwamba na mimi nimeifanyia kazi yako jambo kubwa.

Wiki ya tano akaanguka mlangoni na nguo za watu mikononi. Daktari alipofungua bandeji alinitazama usoni, akauliza ni nani aliyekuwa anamfunga kidonda hiki. Sumu ilikuwa imeingia kwenye damu na figo zimezima. Ni kweli mashine ya kusafisha damu ilikuwa mbovu, hapo kamati sikuidanganya. Lakini daktari aliniambia wazi kwamba hata ingekuwa nzima isingesaidia kitu, mguu ulitakiwa kukatwa wiki mbili nyuma.

Chombo chenu kilikuwa kimefanya kazi miezi minane kamati ilipokuja kukusanya maoni ya wananchi, kama mradi uendelee au ufungwe. Nilikwenda ukumbini na sare yangu kuzungumzia kipimajoto. Naapa nilikwenda kwa hilo tu. Mjumbe mmoja akaniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kupoteza mtu, na mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema mashine ile ingekuwa nzima mama yangu angekuwa hai leo. Nikasema palikuwa na fedha za kopo, hapakuwa na fedha za mama. Nililitumia neno lake, na kesho yake likawa kwenye kila gazeti. Mwenyekiti alivua miwani akajifuta macho. Na mimi nililia, na kilio kilikuwa cha kweli, ndiyo maana wote waliamini. Nilipoona hakuna hata mmoja anayenitazama kama yule daktari alivyonitazama, nikapata nafuu.

Mwezi uliofuata wakafunga kituo chenu. Ulikuja nyumbani, ukatoa picha ya mama ukutani, ukanipita kama unapita kiti. 

Ukiniuliza leo kama fedha ile ilistahili kwenda juu au kubaki chini, sijui. Nawaona wagonjwa wangu wakiinuka vitandani, na siwezi kusema imepotea. Halafu msimu wa mvua mto ukavunja kingo, wakatuletea watu wa bondeni, na afisa wa maafa akasimama koridoni akilalamika kwamba zamani angepata picha siku mbili kabla. Hakujua anamlalamikia nani. Niliwaosha matope watoto wawili ambao hawakuamka. Pengine wananchi wangeamua vilevile hata kama wangeujua ukweli. Lakini sikuwaachia nafasi ya kupima. Niliwawekea maiti ya mama yangu mezani, na nani angebishana na hiyo?

Ijumaa sitakata utepe. Nitasimama mlangoni niseme haya niliyokuandikia. Huenda wakanifukuza kazi, na wakiamua kukitoa kibao, nitawashikia ngazi. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza, maana najua yatakapokuumiza. Utazirudia zile wiki moja moja, utajiuliza kwa nini hukuyasikia maumivu yake kwenye simu. Hukuyasikia kwa sababu alikuficha mama yako, na aliyemsaidia kukuficha ni muuguzi. Miaka yote miwili nimejidanganya kwamba ninanyamaza ili nikulinde wewe.

Limebaki moja, na hili ningeweza kukuachia. Siku chombo kiliporuka ulinipigia simu, watu wanashangilia nyuma yako, ukauliza kama mama ameona. Nikakwambia ameona, amepiga makofi, na sasa amelala kwa uchovu. Ulikuja kuyasema maneno hayo kaburini mbele ya watu wote, na niliona yalivyokushikilia usianguke. Kaka, hakuona. Televisheni ya wodi ilikuwa imewashwa mbele ya kitanda chake, lakini alikuwa amekata kauli tangu asubuhi, macho ameyafumba. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, uso nimeuelekeza ukutani. Hakuna mtu wa kwetu aliyekitazama kikiruka.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawawaza. Ukiamua kuichana barua hii, sitakulaumu. Mama mdogo mpe chai kabla hajaondoka, hana kosa lolote.

Ni mimi mdogo wako,
mtoto wa mwisho wa mama.