Sifuri ya Masanja

Ifakara, Alhamisi, Juni 1994

Sifuri ile nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu mchana hainitoki kichwani.

Leo ulikuwa mtihani wa vitendo wa somo la ubongo na tabia. Kila mwanafunzi anapangiwa mgonjwa wodini, ampime kumbukumbu. Masanja alipofika kitandani alisimama ghafla, akainamisha macho sakafuni. Mgonjwa, mama mwenye kiharusi, akavuta kanga kwa mkono wake mzima, akajifunika uso.

"Endelea," nikamwambia.

"Siwezi, mwalimu. Ni mama mkwe."

Aliletwa jana kutoka Kiberege. Nyumbani walimficha Masanja habari hiyo, wasije wakamharibia mtihani.

Kwao Usukumani mkwe hatazamwi usoni, sembuse kumshika kichwa na kumuuliza jina lake; naye mama mkwe humficha mkwewe uso. Niliomba abadilishiwe mgonjwa. Mkuu wa chuo akakataa katakata: "Sheria ni sheria. Asiyepima anapata sifuri, na marudio ni mwakani." Nikaandika. Ningeweza kubisha zaidi, lakini...

Jioni muuguzi akaniambia yule mama tangu apatwe na kiharusi hamtambui mtu yeyote, hata binti yake aliyemleta. Anawatazama wote kama ukuta.

Wote, isipokuwa mmoja.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Mkuu, na akasirike tu. Swali la kwanza la mtihani ni kama mgonjwa anatambua watu. Mama yule alilijibu kwa kanga yake kabla hajaulizwa, mbele ya macho yangu, na mimi nikaandika sifuri.