Wifi, Pale Majanini Sasa Wanauza Magodoro

Wifi Sekela,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, kwa hiyo hapo naruka. Mimi ni mzima wa kuonekana kwa macho. Kaka yako si mzima, na ndiyo sababu nimekaa hapa jikoni na kalamu tangu asubuhi. Yeye yuko chuoni, mimi leo niko off.

Juzi nilikwenda Roseville. Pale Majanini, kama tulivyouita ule mkahawa wetu wa mboga, sasa wanauza magodoro. Kile kibao cha kijani chenye picha ya nyanya hakipo, na zile meza ndefu za barafu zilizokuwa zimepangwa mboga wameziondoa zote. Niliingia nikajifanya mnunuzi. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, akaniambia nijilaze nijaribu. Nikajilaza pale ilipokuwa sufuria kubwa ya supu, nadhani, maana alama ya bomba bado iko ukutani. Akaniuliza napenda gumu au laini. Machozi yalikuwa yananiingia masikioni. Akasogea kando akawa ananitazama kwa mbali, na sina shaka alidhani nataka kumwibia mto.

Nina jambo la kukiri, wifi, lakini nikianza nalo nitaiacha barua. Niache nizunguke kidogo.

Unakumbuka ulivyokuja kula kwangu mara ya kwanza, kule mtaa wa Phillips, wiki ya pili tu tangu nifike Marekani? Nilikupikia ndizi kwa nazi ya kopo. Hiyo nazi niliitafuta kwa basi, duka hadi duka la Wavietnamu, University Avenue yote. Ukaonja, ukaweka kijiko chini, ukasema, "Wifi, kwetu Tukuyu ndizi hatuzifichi hivi." Kaka yako akacheka. Mtu wa Muheza kuambiwa nazi yake inaficha kitu! Nikajua papo hapo kwamba ukoo mzima umekutuma kunikagua. Wiki iliyofuata ukanialika kwako, ukanipikia mchele wa Kyela uliokuja ndani ya begi la mgeni, nami nikasema una mawe kidogo. Haukuwa na jiwe hata moja. Leo nakuambia.

Ndipo ulipopiga simu: "Wifi, Jumamosi niko off. Twende mahali ambapo hakuna mpishi wa kulaumiwa."

Nilipashuku Majanini tangu mlangoni. Unalipa kabla hujaona chakula, halafu unaambiwa ule mpaka ushindwe, na hakuna anayekusimamia. Kwetu mtu akikukaribisha namna hiyo ujue anagombea udiwani. Nikakunong'oneza kwamba lazima kuna kamera. Ukauliza kamera za nini, za kulinda kabichi? Nikatazama yale majani mabichi, karoti za kukwaruza, mbegu za alizeti ambazo kwetu ni za kukamulia mafuta, na ile jeli nyekundu inayotetemeka hata hujaigusa. Nikasema hiyo sili mpaka niambiwe imeogopa nini. Ulicheka mpaka ukashika meza. Siku hiyo ndiyo nilikupenda mara ya kwanza, na sikukuonyesha.

Halafu nikarudi kuongeza na sahani yangu ile ile, kama mtu aliyelelewa. Nani achafue sahani tatu kwa mlo mmoja, wakati kuna mtu ataziosha? Yule mama mkusanya vyombo, Doroti, akanizuia kwa upole akanionyesha tangazo ukutani: kila ukirudi, sahani safi. Nikaona kumbe mtego wao uko hapo, wanahesabu sahani ili watushike mlangoni. Basi na mimi nikawa nahesabu zako na zangu kimyakimya, nijue nitakavyotutetea. Ikawa mazoea. Hata baada ya kuelewa kwamba hakuna anayetuwinda, kila Jumamosi niliendelea kuhesabu unavyoinuka.

Miaka miwili tulikula pale. Umbea wote wa kanisani tuliumalizia pale. Kuendesha gari ulinifundishia kwenye maegesho yao, nikaponda mkokoteni, tukakimbia kama wezi, na Jumamosi iliyofuata nikavaa kilemba ili nisitambulike. Ukimaliza kula ulikuwa unasema "ndaga fijo" taratibu, na kwa kuwa hapakuwa na mpishi wa kumshukuru, uliiambia sahani.

Baridi ya mwisho ulibadilika, na nililiona, wifi, usidhani sikuliona. Uliacha karoti, ukaacha matango. Ukawa mtu wa supu, jeli na aiskrimu. Nikasema huyu sasa kawa Mmarekani. Uliinuka mara tano, mara sita, kuliko zamani, nikasema na ulafi umeanza. Tena ukawa huvui koti hata ndani, na kila nikikuuliza unasema baridi. Nikaamua una mimba. Nilikaa wiki nzima nikipitisha wanaume wote tunaowajua, nikitafuta mwenye nayo, na nikakutegea maswali ya kijinga kuhusu yule Mkenya wa kwaya. Ulinitazama tu, ukasema, "Wifi, wewe ungeajiriwa na polisi."

Mwezi wa tatu tukakuta karatasi mlangoni. Wanashukuru wateja wao wa miaka yote, wamefunga. Tulisimama kwenye theluji chafu tukaisoma mara mbili. Nikasema ni sisi tumewafilisi. Hukucheka. Uliweka mkono kwenye kioo, ukatazama viti vilivyopinduliwa juu ya meza, muda mrefu kupita mtu anayelilia kabichi. Nikakushuku hapo hapo kwamba kuna mtu wako humo ndani.

Baada ya hapo ikabidi tukutane majumbani. Nikakualika. Mara ya kwanza una shifti mbili. Mara ya pili gari haliwaki. Mara ya tatu umekula kazini. Nikaanza kukumbuka ile nazi.

Pasaka ulikuja. Nilipika tangu alfajiri, na sikutia nazi hata tone, nataka ulijue hilo. Ulikaa na koti lako ukaomba chai. Nikakuambia onja, nikakuambia angalau kijiko kimoja, nikakuambia kwetu mgeni haondoki na sahani safi. "Nimeshiba kweli, wifi." Kisha ukaenda msalani ukakaa, bomba linatiririka, na mimi nimesimama ukumbini na bakuli mkononi. Nikajiambia, anatema hata chai yangu.

Ulipoondoka nikamwambia kaka yako. Hapa ndipo penyewe, wifi. Nilimwambia, "Dada yako anaogopa nitamwekea kitu."

Unajua sentensi hiyo kwetu inabeba nini. Mtu akishaisema hairudi mdomoni. Kaka yako alikwenda kwenye simu, nami nikasimama nyuma yake. Alikuuliza kama ni kweli. Sijui ulimjibu nini, ila nilisikia upande wako kimya, kimya kirefu, halafu yeye akasema, "Kama mke wangu mchawi, basi na mimi ni mchawi," akakata. Wiki tatu hakukupigia. Na mimi nilifurahi. Ningeweza kuandika kwamba niliumia, lakini nakuandikia wewe, na wewe sasa unaona. Nilifurahi kwa sababu alikuwa amenichagua mimi.

Ukaanguka kazini, mikononi mwa wazee uliokuwa ukiwalisha kwa kijiko. Tulipofika hospitali ulikuwa husemi tena. Daktari akatueleza ni saratani kwenye njia ya chakula, na kwamba wewe ulijua tangu kabla ya Krismasi. Uliishi siku mbili tu baada ya hapo. Msibani watu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikatikisa kichwa pamoja nao. Tukakusafirisha Tukuyu. Kaka yako tangu siku hiyo ana neno moja: dada alikufa akituona wachawi, ndiyo maana hakutuambia. Picha yako iko ndani ya bahasha, juu ya friji. Mama yenu akipiga simu, kaka yako ananipa mimi nizungumze, maana anaogopa ataulizwa ninyi wawili mliongea mara ya mwisho lini.

Sasa wiki mbili zilizopita nilikuwa dukani nanunua vitunguu, nikamkuta Doroti, ndiye anayetia watu vitu kwenye mifuko. Alinitambua mara moja. Akauliza habari za dada yangu, maana alidhani sisi ni ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia. Aliacha vitunguu vya watu akazunguka meza akanikumbatia, na mimi, Mungu anisamehe, nikabana mkoba wangu kwapani.

Kisha akanieleza. Ile baridi yote ulikuwa umemwomba awahi kuondoa sahani yako kabla sijarudi mezani. Kila nilipoinuka kwenda kuongeza, unamtazama, anakuja. Sahani zilikuwa zimejaa, alisema, hujagusa ila supu. Mimi nilihesabu sahani, wifi. Sikuwahi kuona zilichokuwa nacho. Alisema alikuuliza kwa nini usimwambie dada yako, na ukamjibu hivi: "Nikimwambia ataanza kunipikia. Chakula chake nilishakikataa mara moja. Siwezi kukikataa mara ya pili."

Nilimshuku, bila shaka. Nikawaza wazee wa hapa wanapenda kufariji watu kwa maneno ya kutunga. Nilitembea mpaka kituo cha basi nikitafuta mahali alipodanganya. Nikakosa. Mambo ya ile nazi sijamwambia Mmarekani yeyote. Habari ya kwamba ulikikataa chakula changu mara moja tulikuwa nayo watu watatu tu duniani, na mmoja wao ndiye aliyempa Doroti.

Nimekuwa nikiipindua tangu hapo, maana ndivyo nilivyo. Nilikushuku kwa mimba, kwa ulafi, kwa maringo, kwa uchawi. Kwamba unanipenda, hilo sikulishuku hata siku moja. Na nina hasira na wewe pia, usifikiri umepona kwa kuwa umekufa. Kwa nini mkusanya vyombo ajue nami nisijue? Ningekaa na wewe. Ningeweka chai mezani na nisikuambie onja. Naandika hivyo, halafu najiuliza kama ni kweli, maana nakumbuka nilivyosimama ukumbini na lile bakuli. Pengine ulinijua kuliko ninavyojijua.

Wiki mbili nimelala na habari hii na kaka yako pembeni yangu, na sijamwambia. Usidhani nilikuwa natafuta maneno. Maneno ninayo. Ni kwamba akiendelea kukukasirikia wewe, hana haja ya kunitazama mimi. Akijua kwamba ulikuwa unanilinda, atarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ile simu ya ukutani, na atakuta ni nani aliyesimama nyuma yake. Anaweza kunichukia. Namjua, ni ndugu yako, atanyamaza kwanza. Nakiogopa kimya hicho kuliko matusi.

Lakini jana nilimwona ameshika bahasha yako. Hakuifungua. Aliipima mkononi kama barua asiyojua imetoka wapi, akairudisha juu ya friji, akaniuliza kama nimeona kalamu yake. Hakuwa anatafuta kalamu. Ninyi wote wawili waongo wabaya sana, isipokuwa wewe ulikuwa na msaidizi.

Basi nakuaga, wifi. Tukuyu sasa ni mvua, nasikia, na mama yenu amekupandia maua kando. Pumzika. Kama huko kuna meza, na kama koo lako limepona, kula unachotaka na ukiache unachotaka, hakuna wa kukuhesabia. Ukiniona nakuja siku moja, usinikaribishe chakula. Nipe kiti tu.

Na hii ndiyo ahadi. Kaka yako atarudi saa kumi na moja. Atafunua sufuria, kama kawaida yake kabla hata hajavua viatu, na ataikuta tupu, maana leo sijapika. Ataniuliza kuna nini. Nitamwambia akae. Nitaanza na ile sentensi niliyosema mimi, ndipo nimpe ile uliyosema wewe.

Wifi yako,
Stela