Meza Isiyo na Miguu

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila kazi imenielemea tangu rafiki yangu, mwanao, atutoke.

Bahasha hii ina karatasi ya kutia sahihi. Ile programu ya kuchapa maelezo ya dawa, niliyoianza na marehemu, tuliiacha wazi: zahanati yoyote inaitumia bure, na fundi yeyote anaifungua ndani na kuirekebisha bila kutuomba. Kampuni inayotulipia mashine na mafundi wawili sasa inaitaka iwe yake peke yake, maana kampuni shindani imechukua nakala, imeiremba, na inawavuta wateja. Kisheria, alichoandika marehemu umekirithi wewe. Usipotia sahihi, watajitoa mwisho wa Machi, na mimi peke yangu siiwezi. Nimechoka, Mama. Tia tu.

Mwanao,
Miwani

19 Februari

Mwanangu Miwani,

Marahaba. Mgongo umeninyima kuinama, kucheka haujaninyima. Unakula lakini? Kaka yako alikuwa akishika kompyuta anasahau chai hadi inafanya utando.

Karatasi nimeisoma mara tatu, kwa kidole. Shule yangu ni ndogo, usinicheke. Mume wangu alipougua, maelezo ya dawa yalikuwa kama kuku kapita kwenye wino, nikampa za asubuhi jioni. Kaka yako hakunigombeza. Alikaa sakafuni na vichupa vyote, akaniuliza, "Mama, ungeandikiwaje ndiyo uelewe?" Mimi nikawa natamka, yeye anaandika.

Sasa nikitia sahihi, mama mwingine huko mbali ataendelea kuipata bure? Usiponijibu hilo, kalamu siigusi.

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya hiki. Sikujibu kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Ile ya zamani ingebaki bure. Kila kipya kingeuzwa. Niliona aibu kukuandikia hivyo, siku ya mwisho ikapita, nao wakawaondoa mafundi wao. Wiki mbili nilikaa ofisini na viti vitupu.

Kisha mfamasia mmoja akanipigia, anacheka hadi anakohoa. "Wewe Miwani, siku hizi mnauza dawa au samani?" Kumbe ile kampuni shindani ilitaka kuweka picha kwenye nakala yao, ikaiachia mashine ichague. Kila palipoandikwa "meza vidonge viwili", ikachora meza. Miguu minne, na kitambaa juu! Mzee mmoja alivipanga vidonge mezani siku tatu, akisubiri aambiwe kinachofuata. Ni mzima, nashukuru.

Fundi wao aliniandikia kwa unyonge: kwao hakuna anayesoma lugha yetu. Nikampa orodha ya maneno uliyomtamkia marehemu, na maana zake, naye akaturudishia marekebisho yao yote, mengine mazuri kuliko yangu. Sasa kampuni yake inatulipia fundi mmoja, bila kudai umiliki. Wale wa kwanza waliposikia mpinzani ameketi kwetu, walirudi mbio. Karatasi hawaitaji tena. Wanagombana kila siku nani arekebishe nini, na kazi inakwenda!

Wote wanaomba kila neno jipya lipite kwako kwanza. Tena wanataka kukuweka kwenye orodha ya watengenezaji, chini ya marehemu. Tuandike jina gani?

Mwanao,
Miwani

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu hadi jirani akagonga mlango kuuliza kama ni kilio. Nikamwambia leo siyo.

Siku nyingine ukiwa na jibu baya, niletee hivyo hivyo. Kimya chako kilinitisha kuliko hapana. Nilidhani nimepoteza na mwana wa pili.

Maneno yalete, nitayasoma kwa sauti kama nilivyomsomea yeye. Lile la "tikisa kabla ya kunywa" liandikeni "tikisa chupa". Kuna watu watajitikisa wenyewe.

Kwenye orodha andikeni "Mama yake", basi. Na mkifika hapo mkisoma, mnikumbuke.

Mama yako