Kichwa cha Injini Kitandani Kwangu

Kambi ya Shamba la Ngano,
Hanang.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu wako umepona? Na mahindi ya huko Maretadu yamebeba, au mvua imewahepa tena? Mimi mwili ni mzima, na mtoto tumboni anacheza vizuri. Ila moyo, mama, hautulii. Kaka Daudi anapokusomea barua hii asiruke neno, hata akiona aibu.

Unalijua lile gari kuukuu la mume wangu Bura. Ndilo lililotuzimikia mbugani likitoa mvuke, nikampoteza mtoto wangu wa kwanza kabla ya kufika hospitali. Sasa nimekaribia kujifungua, na limeanza tena: oili imekuwa nyeupe kama uji. Fundi wa shamba alichungulia, akasema gasketi imeungua, kile kibamba chembamba kinachokaa chini ya kichwa cha injini ili maji yasiingie kwenye oili. Gari la zahanati nalo liko juu ya mawe, halina magurudumu. Tegemeo letu ni hilo hilo bovu.

"Nitalifungua mwenyewe hapa nyumbani," Bura akasema. Nikamwambia, wewe ni dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, si fundi. Akacheka. "Injini ni injini."

Injini ni injini! Upepo wa huku wakati wa mavuno unaleta makapi ya ngano mpaka kwenye mboga, basi kichwa cha injini akakiingiza ndani na kukilaza kitandani, juu ya shuka uliyonipa wewe. Mimi na tumbo hili nikalala chini kwenye mkeka. Akakikwangua kwa wembe, akakiosha kwa mafuta ya taa, nyumba ikanuka hadi nikatapika. Gasketi mpya ililetwa kutoka Arusha na dereva wa roli, tukamshukuru Mungu.

Jana akakirudisha kichwa kwenye injini. Kumbe hawa watu wa kombaini mikono yao imezoea bolti nene. Kule shambani wanachomeka bomba kwenye mpini wa spana, wanavuta watu wawili kuzikaza. Bura na jirani yetu Petro wakafanya hivyo hivyo kwenye kigari chetu! Nilikuwa nachambua maharage, nikasikia tak! Nilipotoka nikawakuta wanatazamana. Bolti imekatika, na kipande kimebaki ndani ya injini.

"Zilizobaki zinatosha," akasema Bura.

Leo asubuhi ameliwasha. Limeunguruma, Petro akapiga makofi, mara nikaona maji yanachuruzika pembeni, na mvuke. Mama, nikakaa juu ya ndoo. Bura anasema tutabeba madumu ya maji, tutaongeza njiani, tutafika tu. Hata safari ile alisema tutafika tu.

Naogopa, mama. Tumbo likikaza kidogo nadhani ndiyo saa yenyewe. Wanawake wa kambini ni wema, lakini wengi ni wasichana kama mimi, hakuna aliyewahi kumpokea mtoto. Wewe umepokea watoto wa nusu ya kijiji. Njoo. Mahindi watavuna wengine. Panda basi hadi Katesh, ukifika uliza roli lolote la shamba, wote wanamjua Bura.

Nisalimie baba, mwambie nimempigia magoti asikuzuie. Nisalimie shangazi anayetuchungia ng'ombe, na kaka Daudi msomaji wetu. Mzee wa kanisa aniombee, lakini maombi yasikucheleweshe.

Mimi mwanao,
Paskalina

Mama, nilikuwa nafunga bahasha Bura akaomba aisome. Nilijua atakasirika, maana nimemsema sana. Ameisoma yote akiwa amesimama mlangoni, na mikono yake ya grisi imechafua karatasi, utaona. Akakaa chini.

"Ongeza maneno," akaniambia. "Mwambie mama asingoje kumaliza kazi yoyote. Mwambie na mimi naogopa."